Alhamisi za Dada Spesioza

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinakatika, tulimzika Spesioza huko Murusagamba, kwenye shamba la migomba alilolinunua baada ya kupata uraia. Binti yake alikuwa amenipigia simu siku mbili kabla, akaniomba niseme maneno machache kanisani kwa niaba ya wale ambao mama yake aliwafundisha hospitalini. Nilikubali. Nilisimama mbele ya watu na miwani yangu na karatasi yangu, nikaeleza jinsi mwanamke yule, mkimbizi asiye na cheo, alivyotufundisha sisi wanafunzi wa uganga kuongea na wagonjwa. Watu walitikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Baadaye tulikaa chini ya turubai tukapewa wali na maharage, na mzee mmoja aliyekuwa jirani yake akaniambia, mama, umesema vizuri, inaonekana mlipendana sana. Nilikuwa nimesema nusu ya habari, ile nusu inayosemeka kanisani. Nina miaka ya kutosha sasa kuandika na ile nyingine.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili wa masomo ya mganga msaidizi wa vijijini, katika hospitali ya misheni iliyokuwa juu ya kilima wilayani Ngara. Mimi ni wa Biharamulo, Mzinza, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, kimenyooka, nacho kilinipa majivuno. Tulikuwa wasichana wanane katika bweni moja lenye madirisha mawili. Kitanda changu kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, na ukutani juu yake nilikuwa nimebandika ratiba ya zamu niliyoiandika mwenyewe, maana nilikuwa kiranja. Sabuni ilikuwa adimu mwaka ule. Mche mmoja tuliukata vipande vinane kwa uzi, na kila mmoja alificha kipande chake chini ya godoro kama hirizi. Sukari ilikuwa adimu zaidi. Malori ya jeshi yalipita barabara kuu yakielekea kaskazini, na Landrova pekee ya hospitali ilikuwa imeazimwa kwenda nayo. Waganga wawili wakongwe waliitwa vitani. Alibaki daktari mmoja, Mzungu mzee mwenye haraka, pamoja na Sista aliyesimamia wauguzi, na Mwalimu Kaijage, mkufunzi wetu. Kazi iliyobaki tuliangukiwa nayo sisi. Asubuhi tulikuwa wanafunzi, mchana tukawa waganga.

Mwalimu Kaijage alikuwa Mhaya wa kule kwenye mapigano, mrefu, mtu wa kunyoosha shati lake mwenyewe kwa pasi ya mkaa. Wakati wa taarifa ya habari aliweka kidevu kwenye kiganja na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Kwangu mimi alikuwa kipimo cha kila kitu. Aliposoma kadi ya mgonjwa niliyoiandika alikuwa akisema, "Hii ni kadi," kisha anaipitisha kwa wenzangu waione. Maneno hayo mawili matatu yaliniwezesha kula ugali wa muhogo kwa maharage siku saba za wiki bila kulalamika. Sasa nikiwa mtu mzima naona jinsi nilivyokuwa nimejenga nyumba yangu yote juu ya sauti ya mtu mmoja. Wakati ule niliona ni haki yangu. Nilikuwa wa kwanza darasani, na sikuona kwa nini nijifanye sijui.

Nyuma ya vilima, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, palikuwa na makazi ya wakimbizi waliovuka kutoka Burundi miaka michache kabla, baada ya mauaji ya kwao. Walikuja hospitalini kila siku. Kanuni ilikuwa Kiswahili tu wodini. Hata Leonida, Mhangaza aliyelala kitanda cha mkabala na changu, ambaye lugha ya nyumbani kwao inasikilizana na Kirundi, aliwahi kufagishwa uwanja kwa sababu alimsalimu mgonjwa kwa Kihangaza. Kwa hiyo tuliwauliza wakimbizi kwa Kiswahili, nao wakajibu ndiyo. Kichwa kinauma? Ndiyo. Tumbo? Ndiyo. Umemeza dawa zote? Ndiyo. Mwalimu Kaijage ndiye aliyeona kwanza. Siku moja alitandaza mezani kadi thelathini za wakimbizi, akasema zote zinasomeka kama za mgonjwa mmoja. Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe makazini kwa baiskeli. Jumatatu alirudi na kibali chenye mhuri, pamoja na mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mwanya na mabega mapana, aliyevaa kitenge kilichopauka na viatu vya mpira vya kiume. Akatuambia, huyu ni Spesioza, kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu leo kila Alhamisi ataketi nasi. Siku nyingine atakuwa kwenye benchi la nje, na hakuna mwanafunzi atakayemwandikia mkimbizi kadi bila kumwita.

Tulimwita Dada Spesioza. Alhamisi ya kwanza alitusikiliza tukiigizana, mmoja mganga, mmoja mgonjwa, akacheka kwa kuficha mdomo. Kisha akatuambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, ambacho wakati mwingine kilibadilisha l kuwa r, kwamba tatizo letu lilikuwa maswali. "Msimuurize mtu swari ambaro jibu rake ni ndiyo," alisema. Alieleza kwamba mtu aliyekimbia amejifunza neno moja la kumpitisha kila mahali. Askari mpakani akimuuliza, ndiyo. Karani wa chakula akimuuliza, ndiyo. Akisema hapana, anaambiwa akae pembeni, na kukaa pembeni kunaweza kuwa siku tatu. Mganga aliyevaa koti jeupe naye ni karani. Muulize inauma wapi, alisema, akuoneshe kwa kidole. Muulize alikula nini jana. Na mkimaliza, mwambieni awaeleze ninyi dawa ataimeza vipi. Msimuulize kama ameelewa. Mwalimu Kaijage alikuwa anaandika. Nilikuwa sijapata kumwona akiandika wakati mtu mwingine anasema.

Wivu ulianza hapo, kwenye ile kalamu. Mwanzoni niliupa majina mengine. Nilijiambia kwamba ni utaratibu unaovunjwa, kwamba mtu asiyesomea uganga hawezi kukaa kati ya mganga na mgonjwa wake. Lakini nilijua. Nilianza kuhesabu. Darasani Mwalimu alitaja jina lake mara ngapi, langu mara ngapi. Saa nne, wakati wa chai, alimvutia kiti karibu na meza yake, na katika kopo lile la sukari ambalo sisi tulionjeshwa Jumapili tu, nilimwona akimtilia kijiko kimoja, kikavu, kimejaa. Nilikunywa yangu chungu nikimtazama anavyokoroga. Wagonjwa waliotuitikia sisi kwa macho ya chini walikuwa wakimwona kwenye benchi wanaanza kueleza kabla hata hawajaketi, mikono inakwenda, wanacheka, wanalia. Vizee walimshika mkono wakakataa kuuachia. Siku moja nilisikia akimsimulia Sista jinsi mume wake na kaka zake wawili walivyochukuliwa shuleni mchana na wasirudi. Nilikuwa napanga bandeji kwenye kabati, mgongo wangu kwao, na Sista alikuwa analia. Naandika hili kwa aibu ambayo miaka haijaipunguza: nilimwonea wivu hata msiba wake, kwa sababu ulimpa uzito ambao mimi, na alama zangu zote, sikuwa nao.

Naye alinipenda, au alijaribu. Aliniita mdogo wangu. Aliona kwamba Kizinza changu kilinisaidia kushika neno hapa na neno pale, akasema nikitaka atanifundisha zaidi, jioni, tukichambua maharage jikoni. Nilimwambia nina masomo. Leonida alikwenda, na baada ya wiki chache Leonida, aliyekuwa wa sita darasani, akaanza kupitishiwa kadi zake mezani. "Hii ni kadi," Mwalimu alisema. Nilirudi bwenini nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Siku ya Marisiana ilikuwa Jumanne, asubuhi yenye ukungu. Jina lake nimelibadilisha, na nitaeleza kwa nini. Aliletwa na shemeji yake, mdogo wa mume wake, amekalishwa nyuma ya baiskeli huku ameinama. Mume alikuwa amekwenda kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa upande wa Karagwe, na ilikuwa miezi minane hajaonekana. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa. Spesioza aliinuka kwenye benchi akaja mpaka mlangoni, mkono kwenye fremu. Nikamwambia pale pale, bila kuinua uso kutoka kwenye kadi, "Huyu nitammudu, dada." Alisimama kidogo. Akarudi kwenye benchi.

Shemeji mtu alisimama nyuma ya kiti cha mgonjwa. Alisema, "Anaumwa tumbo, tangu juzi harari usiku." Nilimuuliza mgonjwa kwa Kiswahili safi kama ameharisha. Ndiyo. Kama ametapika. Ndiyo. Nikamuuliza kama mwezi huu ameona siku zake. Macho yake yalikwenda upande, kidogo tu, kule shemeji aliposimama, kisha yakarudi sakafuni. Ndiyo. Akanyanyua mkono akajigusa bega la kulia, akasema neno nisilolielewa. Nikaandika: bega, kubeba mizigo. Nikaandika: minyoo, yawezekana malaria. Nilimpa dawa, nikamwambia apumzike kwenye majani nje kabla ya kuanza safari. Nakumbuka mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri sana. Nilitaka Mwalimu aione kadi hiyo na aone kwamba haina mkalimani.

Saa nane mchana nilisikia kelele uani. Marisiana alikuwa ameanguka karibu na bomba la maji. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, mapigo ya mkononi ni kama uzi. Spesioza alikuwa amepiga magoti, kichwa cha yule mwanamke kwenye mapaja yake, sikio lake karibu na mdomo wake. Kwanza alimfukuza shemeji mtu, akamtuma akachote maji asiyoyahitaji mtu. Kisha alisikiliza. Alipoinua uso alimwambia daktari, aliyekuwa amekuja mbio, maneno manne: miezi miwili, hajaona damu. Daktari akauliza kama bega la kulia linamuuma, maana damu inayovuja tumboni huumiza begani. Spesioza akauliza, akajibiwa. Wakambeba mbio hadi chumba cha upasuaji. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na ilikuwa imepasuka. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Hapakuwa na akiba ya damu. Leonida alitoa, Spesioza alitoa, na mimi nilinyoosha mkono nikakuta damu yangu si ya aina inayofaa. Nilikaa ukumbini na pamba mkononi. Hata hapo, Mungu anisamehe, niliona kwamba hata damu ya Spesioza imekubaliwa.

Marisiana hakufa. Kufika magharibi daktari alitoka akasema atapona kama kidonda hakitaoza. Shemeji aliambiwa kwamba palikuwa na uvimbe tumboni na umeondolewa, na huo haukuwa uongo. Ni Spesioza aliyemwomba daktari iwe hivyo, na daktari akasema habari nyingine ni mali ya mgonjwa; ndiyo maana jina lake nimelibadilisha.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini. Mwalimu Kaijage alikuwa ameketi, Sista amesimama dirishani. Kadi yangu ilikuwa mezani. Chumba kile kilinuka mafuta ya taa na karatasi, na ukutani nyuma ya Mwalimu kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeikumbuka kuitoa. Nilitoa shikamoo, wakaitikia. Mwalimu hakukasirika. Ningetamani angekasirika. Aliniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusikia jibu moja tu, "Spesioza alikuwepo?"

Alikuwepo. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu, alikuwepo."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Mwalimu alishusha pumzi. Sista akasema basi ndivyo alivyohofu. Spesioza alikuwa ameficha siri ya mwenzake mpaka ilipokaribia kumuua. Waliposema aitwe, nilipishana naye mlangoni. Nilisimama koridoni nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilimsikia Mwalimu akimuuliza swali lile lile, kama jana asubuhi alikuwepo wakati mgonjwa anapokelewa. Nilingoja aseme. Sehemu yangu moja ilitaka aseme, ili yaishe. Nikasikia sauti yake ndogo ikijibu, "Ndiyo."

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini alijibu hivyo. Ulikuwa mwaka wa vita, mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wakiwauliza watu habari za wageni, na palikuwa tayari na wazee wa kijiji waliomuuliza Sista kwa nini mtu wa nje anajua magonjwa ya wenyeji. Mimi nilikuwa raia, kiranja, mwandiko mzuri. Kibali chake kilikuwa kinakaribia mwisho. Kilipoisha wiki ile ile, hakuna aliyeandika barua ya kukiendeleza. Alikunja kanga yake aliyokuwa akiikalia kwenye benchi, akaaga jikoni, akaondoka kwa miguu na viatu vyake vya kiume. Kwangu hakuja.

Nilipata nilichokuwa nikikitaka. Kiti karibu na meza ya Mwalimu kilikuwa wazi. Benchi la nje lilikuwa wazi. Wagonjwa wakarudi kusema ndiyo. Marisiana, aliyekuwa kitanda cha mwisho kwa sababu kidonda chake kilitunga usaha, alikuwa akigeuza kichwa kila mlango ulipofunguliwa, akiona ni mimi anakirudisha. Leonida aliacha kunisemesha. Hakujua kitu, ila alikuwa amechoka nami. Wiki ya tatu, mchana mmoja, nilikuwa jikoni nasaidia kumenya mihogo. Ukuta kati ya jiko na ofisi ulikuwa wa udongo, umeachia nafasi chini ya paa, na sauti zilipita. Sista alikuwa anasema kazi imekuwa nzito, makosa yamerudi. Mwalimu akajibu kwamba anajuta kumwamini mtu upesi. "Aliyebaki wa kumwamini ni Domitila peke yake," alisema.

Domitila ni mimi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeishi kwa kungoja sentensi kama ile, na sasa ilikuwa imekuja kupitia ukuta, na mikono yangu ilikuwa na wanga wa mihogo. Sikusikia furaha yoyote. Niliinuka nikaacha mihogo, mpishi akaniuliza ninakwenda wapi. Sikujipa muda wa kufikiri, maana najua ningefikiri vizuri mno. Nilizunguka nyumba, nikabisha ofisini, nikawaeleza wote wawili: mlango, fremu, maneno niliyomwambia, na kwa nini.

Mwalimu Kaijage alivuta faili. Aliichukua kadi ile, iliyokuwa bado kwenye faili, akaisoma upya kutoka juu hadi chini. Kisha akasema ukiranja wangu umekwisha, na kama Sista hatanifukuza, yeye hatafanya hivyo, kwa sababu moja tu: kuna safari inayonihusu. Angeandika barua ya kibali siku ile. Mimi ningeipeleka. "Na utamwambia mwenyewe," alisema. "Kwa lugha yake. Kiswahili umekwisha kukitumia."

Leonida ndiye aliyenifundisha. Nilimweleza kila kitu, na alinisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Nilidhani atakataa. Aligeuka akaanza kunisomesha kama mtoto wa darasa la kwanza: mimi nilidanganya, wewe ulidanganya, yeye alidanganya. Siku tatu nilikariri wakati wa kufua, wakati wa kupanga foleni ya chakula, wakati wa kuosha vyombo vya wodini. Jumapili baada ya misa nilianza safari.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake ya nyasi, katika mstari wa nyumba zinazofanana, anapukuchua maharage kwenye ungo. Binti yake, mtoto wa miaka saba hivi, alikuwa ndani, nilisikia anaimba. Nilimwamkia. Aliitikia, akanionesha kigoda, akaendelea na kazi. Nilimpa barua. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya ungo. Nikabaki na kile nilichokuja nacho. Kirundi chote nilichokikariri kikanikimbia isipokuwa neno lenyewe. Nikasema, "Yarabeshe."

Mikono yake ilisimama. Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Nani?"

Sikuelewa. Akarudia, "Unasema yeye aridanganya. Nani aridanganya?"

Ndipo nilipojisikia. Herufi moja mwanzoni mwa neno. Nilikuwa nimetembea saa mbili na nusu kuungama, na mdomo wangu ulipofunguka ulikuwa umelisukuma kosa kwa mtu mwingine tena. Machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Alingoja, vidole vyake kwenye ganda la haragwe, kama alivyokuwa akingoja darasani mwanafunzi anapokwama.

"Narabeshe," nikasema. "Narabeshe."

"Sasa nimesikia," akasema.

Tulikaa. Baadaye aliniuliza kama Marisiana anakula. Nilimwambia anakula kidogo, kidonda kinakauka. Aliniuliza ni nani anayemfulia, nikasema Leonida. Alinipa maharage ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, naye akala kwenye chungu. Wala hakuniambia amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Nilipoinuka kuondoka aliniita kwa jina langu, Domitila, akaniagiza nimwambie Mwalimu kwamba atakuja Alhamisi. Lile jina la mdogo wangu hakulitumia tena, siku ile wala miaka yote iliyofuata, hata baada ya kuwa marafiki wa kutembeleana. Nililisikia pengo lake kila mara alipowaita hivyo wengine.

Alirudi. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya darasa zima, amesimama, na Spesioza alitazama dirishani mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo ndugu wa mgonjwa walitolewa nje kwanza, kila mara, hata awe mume, hata awe mama mzazi. Kanuni ya Kiswahili tu wodini ilikufa bila kutangazwa. Mimi nilikwenda jikoni jioni kuchambua maharage pamoja na Leonida, nikajifunza maneno kumi kila siku. Wivu ulikuwepo. Nilidhani ukiungama unaondoka; haukuondoka. Spesioza alipomsifu Leonida kulikuwa bado na kitu kinachonibana hapa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa nilikijua kikija, na nilikaa nacho hapo hapo kwenye maharage.

Siku Marisiana alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, alipita kutuaga mmoja mmoja. Alimshukuru Leonida kwa damu, Sista kwa uji. Alipofika kwangu alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kuliko wote, akasema ni mimi niliyempokea siku ile alipokuwa anakufa. Nilielewa kila neno. Mwezi mmoja kabla ningetabasamu nikasema ndiyo. Spesioza alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, bahasha ya dawa mkononi. Nikamwomba Marisiana aketi, nikamweleza kwa Kirundi changu kibovu kwamba sikumpokea. Nilimwandikia minyoo, nikamfungia mlango aliyekuja kumsikiliza, kisha nikamdanganya mwalimu wangu.

Alinisikiliza akiwa ameshika tumbo mahali palipopasuliwa. Hakukasirika. Alisema kwamba yeye pia alinidanganya, nilimuuliza habari za siku zake akasema ndiyo. Kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayetaka kujifunza jambo. "Lakini mimi shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma yangu," alisema. "Wewe nyuma yako alisimama nani?"

Jibu nilikuwa nalo, ila neno lake sikuwa nimefundishwa. Katika maneno yangu kumi ya kila siku halikuwahi kutokea. Nikamgeukia Spesioza, nikamuuliza, wivu kwao wanauitaje.

"Ishari," akasema.

Nikamgeukia Marisiana, nikamwambia.